Uzi: Vitabu vya kununua ukae navyo na vile vya kuazima tu (wa Tanga tukutane hapa)

Mwanzisha uzi (Ngamiani):

Wakuu, habari za jioni.

Nina jambo limenikaa siku nyingi, leo nalimwaga. Kazi yangu ni kubaindi vitabu kwenye stesheneri, hapa hapa Ngamiani. Vinapita mkononi mwangu vya kila namna: vya shule, vya dini, vya tiba, riwaya zilizopoteza jalada, madaftari ya mapishi ya bibi ya mtu. Muuza vitabu anakiona kitabu siku kinatoka dukani. Mimi nakiona miaka baadaye. Kuna vinavyokuja kurasa zimelainika kama kitambaa, pembeni kuna alama za vidole vyenye mafuta, na mwenyewe anasimama hapo hapo kuhakikisha hata karatasi moja haipotei. Na kuna vinavyokuja kurasa zimeshikana kwa unyevu, kwa sababu tangu vinunuliwe havijafunguliwa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue kitabu gani, simtajii vitabu vizuri. Vitabu vizuri ni vingi, na vingi kati yake kuazima kunatosha. Riwaya ya upelelezi ukishamjua muuaji mmemalizana. Vile vya kukufundisha utajiri, wazo lote liko sura ya kwanza, zinazofuata ni mifano ya kulirudia. Hivyo jiandikishe maktaba ya mkoa, soma, rudisha, hela yako itunze.

Kitabu ninachosema ununue ni kile kinachofunguliwa katikati, huku watu wanakusubiri. Hukianzi mwanzo, hukimalizi, na siku ukikihitaji huna nafasi ya kwenda kukiazima. Hicho kiwe ndani kwako.

Nianze na kitabu cha afya, maana ndicho watu wanachokosea zaidi kukichagua.

Saa nane za usiku umeme umekatika, bando limeisha, mtoto anaharisha tangu magharibi na sasa ameanza kulegea. Mama mtu amemshika, bibi anapendekeza lake, jirani anagonga mlango kuuliza kulikoni. Wewe ndiye uliyeshika kitabu na tochi. Unachotaka wakati huo ni mambo matatu tu: je, maji yamempungukia mwilini, nimpe nini sasa hivi, na dalili gani ikitokea nisisubiri asubuhi bali niamshe bodaboda tukimbilie hospitali ya Bombo. Kitabu kizuri cha afya kinakujibu hayo kwenye kurasa mbili zinazotazamana, na michoro ipo. Macho yaliyoingia ndani, mdomo mkavu, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, mkojo haba au hakuna. Halafu kinakupa kipimo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Halafu kinakwambia kwamba mtoto akishindwa kunywa, au akiwa anatapika kila kitu, au akiwa hazinduki vizuri, funga kitabu uende hospitali.

Sasa namna ya kukipima dukani. Usisome dibaji. Nenda nyuma kwenye faharasa, tafuta neno "kuharisha", tafuta "kuungua", tafuta "nyoka", tafuta "damu baada ya kujifungua". Kama faharasa haipo, kirudishe, hata kiwe na picha nzuri namna gani. Kama ipo lakini neno moja linakutupa kurasa kumi na moja bila kukuonyesha upi ndio ukurasa wenyewe, kirudishe pia. Kisha soma kuungua. Kikikwambia upake dawa ya meno, siagi au unga wa muhogo, hicho ni hatari ndani ya nyumba. Jibu ni maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Soma nyoka. Kikisema uchanje jeraha unyonye sumu, au ufunge kamba kwa nguvu, weka chini. Mgonjwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali.

Kisha mwaka. Fungua ukurasa wa haki za uchapishaji na uusome kwa makini, kwa sababu kuchapwa tena si kutolewa upya. Kitabu kinaweza kuandikwa "kimechapwa 2012" na maneno ndani ni ya 1985. Tiba haisubiri. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaingia SP (wengi tuliijua kama Fansidar), nayo SP ikaachia nafasi dawa mseto kuanzia mwishoni mwa 2006. Kitabu cha zamani kitakupeleka kwenye dawa ambayo vimelea vilishaizoea.

Haya, nimeanza. Mwageni na yenu.

Mdau (Makorora):

Mkuu umeongea vizuri ila mimi sikubaliani. Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Nina vitabu zaidi ya elfu moja vya PDF kwenye memori kadi, sijanunua hata kimoja. Kwa nini nijaze nyumba makaratasi, na nyumba zetu hizi za kupanga kila mwaka unahama?

Mwanzisha uzi:

Kaka wa Makorora, nashukuru. PDF nami ninazo, na nazitumia hasa kukijua kitabu kabla sijatoa hela. Kwa kusoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho ukiwa kwenye daladala, simu inatosha.

Lakini tazama hali niliyoeleza pale juu. Simu moja, chaji kidogo, watu wanne wanataka kuona mchoro kwa pamoja. Faharasa ya PDF nyingi tunazotumiana WhatsApp haibonyezeki, maana ni picha za kurasa zilizopigwa kwa kamera, nyingine zimekatwa pembeni, na ukurasa wa 143 haupo. Nimeletewa nyingi sana za hivyo nizitolee kopi, ndiyo maana nasema. Kwenye riwaya ukurasa ukikosekana unakisia. Kwenye kipimo cha dawa hukisii.

Tena kuna ya mwandishi. Anayeandika kwa Kiswahili anaishi kwa nakala zinazonunuliwa, na tukigawana bure zote, kitabu cha pili hakitaandikwa.

Mdau (muuguzi, Muheza):

Salaam. Naomba niongeze kwenye la kuharisha, maana ndiyo kazi yangu.

Hicho kipimo cha sukari na chumvi ni sahihi, lakini ni cha pale ambapo pakiti ya ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) haipo. Ikiwepo pakiti, tumia pakiti, na uichanganye na maji kiasi kilichoandikwa, usipunguze ili "ikolee". Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Na mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Jambo la pili, hapo ndipo mwaka wa kitabu unapoonekana. Tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto anayeharisha apewe ORS pamoja na zinki, siku 10 mpaka 14, hata kuharisha kukikoma kabla. Kipimo walichotoa wakati huo kilikuwa miligramu 20 kwa siku, na kwa aliye chini ya miezi sita miligramu 10; cha sasa kiulize kituoni. Kitabu cha kabla ya hapo hakina zinki kabisa. Nimewahi kukutana na wazazi waliofanya kila kitu walichosoma, kwa uangalifu mkubwa, ila kitabu chenyewe kilikuwa cha kabla ya zinki. Hawana kosa.

Kwa hiyo ushauri wangu: sehemu za majeraha, usafi, lishe, dalili za hatari za mjamzito na kupungukiwa maji hazibadiliki haraka, zisome hata kwenye kitabu cha zamani. Sehemu za majina ya dawa na dozi, kiulize kituo cha afya kwanza. Nakala yangu nimeipigia mstari wa kalamu nyekundu pembeni mwa kila dozi iliyopitwa, na mpya nimeiandika juu yake.

Mwanzisha uzi:

Dada, Mungu akuzidishie. Hiyo ya kalamu nyekundu ndiyo kitu ambacho kitabu cha kuazima hakikuruhusu. Maktaba watakutoza. Kitabu chako unakiandika pembeni, unakisahihisha, unaweka namba ya simu ya dereva anayekubali kuamka usiku, na kila mwaka kinazidi kuwa cha nyumba yako.

Watu wataniuliza nataja kipi. Kile cha David Werner ndicho nilichobaindi mara nyingi kuliko vyote vya tiba. Kilianzia Mexico, kwa Kihispania, kwa ajili ya wanakijiji wa milimani waliokuwa mbali na hospitali. Kiingereza chake kikatoka 1977, na Kiswahili tunacho kwa jina la *Mahali Pasipo na Daktari*. Kinachokifanya kidumu ni kwamba kinamheshimu msomaji. Hakimfichi kitu kwa sababu hana cheti, na palipo na hatari kinasema wazi hapa si pako, mpeleke mgonjwa. Ila hayo aliyoyasema dada kuhusu dozi yanakihusu nacho pia, hasa nakala za zamani.

Mdau (Pangani):

Na sisi wa jikoni je? Nina vitabu vitatu vya mapishi, sijawahi kupika hata chakula kimoja kutoka humo.

Mwanzisha uzi:

Shoga, angalia vipimo. Kama kitabu kimeandika gramu na jiko la oveni na wewe unapikia mkaa, kitakaa kabatini milele. Cha kununua ni kile chenye kikombe, kijiko na moto wa kuona kwa macho, na kinachokaa wazi mezani chenyewe bila kushikwa, kwa sababu mikono yako ina unga. Ila kwa bada (ugali wetu wa muhogo) na samaki wa nazi, daftari la mama yako linazidi chochote kilichochapwa. Lilete tulibaindi.

Mdau (mkulima, Muheza):

Vya kilimo umevisahau. Mimi ni wa machungwa.

Mwanzisha uzi:

Mzee wangu, shikamoo. Kwenye kilimo mimi natazama kitu kimoja kwanza: picha za magonjwa ziwe za rangi. Majani ya mchungwa yakianza kubadilika, tofauti kati ya kukosa mbolea na ugonjwa iko kwenye namna unjano unavyotandaa, kama umefuata mishipa au umepita katikati. Kwenye picha nyeusi na nyeupe hiyo huioni. Kitabu kikiwa na maelezo marefu na picha za kijivu, azima. Kikiwa na kurasa chache za picha za rangi unazoweza kwenda nazo shambani ukalinganisha na jani lenyewe, nunua. Wewe una uzoefu kuliko mimi, nirekebishe.

Mdau (mkulima, Muheza):

Hapo umelenga. Na kiwe kimeandikwa kwa ajili ya ukanda wetu. Kalenda ya kupanda ya mahali pengine mvua zake si za Vuli na Masika kama zetu.

Mdau (kijana, Chumbageni):

Wakubwa samahani kuingilia. Mjomba aliniletea kutoka Uingereza kitabu cha Dungeons & Dragons. Kikubwa, kizito, picha za madude. Nimekifungua sikuelewa, si hadithi, si kitabu cha shule. Kuna mtu anataka kukinunua. Nikiuze?

Mwanzisha uzi:

Usikiuze! Kaa hapo nikueleze, na wengine msipite.

Hicho ni kitabu cha mchezo wa kuigiza wahusika. Ulianzia Marekani mwaka 1974, wenyewe ni Gary Gygax na Dave Arneson, wakatoa boksi lenye vijitabu vitatu, nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Unachezwa hivi: watu wanne au watano wanakaa pamoja. Mmoja ni msimuliaji, anaeleza mahali na kinachotokea. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, mwenye nguvu zake na udhaifu wake ulioandikwa kwenye karatasi. Msimuliaji anauliza: unafanyaje? Mchezaji anajibu chochote anachotaka. Pale ambapo jambo linaweza kufaulu au kushindikana, inarushwa dadu, namba inaamua, hadithi inasonga. Hakuna ubao, hakuna anayemshinda mwenzake.

Ndiyo maana hukuelewa. Umekisoma kama riwaya, na hakikuandikwa kusomwa mfululizo. Ni ndugu wa kitabu cha afya. Kinafunguliwa katikati, watu wamekodoa macho, wanasubiri jibu.

Mimi nacheza na wapwa zangu, jioni za likizo, barazani. Sikutumia majumba ya Ulaya yaliyomo kitabuni. Nilitumia Amboni. Nani hapa hajasikia kwamba yale mapango yanatokea Mombasa, au kwamba Osale Otango alijificha humo miaka ya hamsini polisi wakamtafuta? Mtoto wa Tanga humwambii "pango" mara mbili, analiona. Jioni moja wahusika wao walikuwa ndani kabisa, kandili moja, na mlangoni kuna watu wanaowawinda. Wavulana wote wawili wakataka kupigana. Mpwa wangu wa kike, mdogo kuliko wote, akasema yeye anazima kandili. Wakamfokea. Akasema, popo watatoka saa hizi, tukinyamaza gizani tutasikia wanaelekea wapi, huko ndiko kuna tundu lingine. Mimi ilibidi nijue kwa kanuni mtu aliye gizani anasikia vizuri kiasi gani na anajikwaa kiasi gani. Nikaenda kwenye faharasa, nikatafuta giza, mistari michache, nikapata. Akachomoa namba mfukoni (badala ya dadu, nitaeleza hapo chini), ikatosha. Wakatoka.

Kitabu kingekuwa kibovu ningepekua dakika kumi, popo wangekuwa wameshakwenda na watoto wameshaingia ndani kutazama katuni. Hivyo ndivyo ninavyovipima vitabu vya michezo: naitafuta kanuni moja huku nimehesabu moyoni. Kisha nafungua ukurasa wowote katikati na kujiuliza kama humo kuna kitu cha kutumia leo usiku: mhusika, mtego, jedwali la kurushia dadu kujua msafiri amekutana na nini njiani. Kama kila ukurasa unanipa kitu, kitabu ni cha kununua hata kiwe ghali. Kama nusu yake ni historia ya wafalme wa nchi isiyokuwepo, azima.

Dadu zake zina pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, na hapa mjini sijaziona zikiuzwa. Sisi tunatumia vizibo vya soda, 20, kila kimoja kina namba kwa kalamu ya marika, ndani ya mfuko wa kitambaa. Unachomoa, unasoma, unarudisha.

Mdau (kijana, Chumbageni):

Daah. Sikujua kabisa. Ila Kiingereza chake kigumu, na ni kizima kurasa mamia. Naanzia wapi?

Mwanzisha uzi:

Usianze nacho chote. Soma namna ya kutengeneza mhusika na namna ya kurusha dadu, basi. Mengine utayatafuta yakikukuta. Kanuni za msingi za huo mchezo zinapatikana bure kwenye intaneti, maana Januari 2023 wenye kampuni waliziweka chini ya leseni huria ya Creative Commons, kwa hiyo unaruhusiwa hata kuzitafsiri kwa Kiswahili na kuzichapa, mradi utaje zilikotoka. Kuna kazi hapo kwa kijana anayejua lugha zote mbili. Mimi jalada nitaliweka.

Na kama hesabu za pande ishirini zinakusumbua, upo mwingine, Call of Cthulhu, wa 1981. Huo ujuzi wa mhusika umeandikwa kwa asilimia. Una asilimia 45 ya kuogelea, ukipata namba 45 au chini yake, kati ya 1 na 100, umeogelea. Mtoto wa darasa la sita anaelewa papo hapo. Ila ni wa kutisha, si wa wadogo.

Mdau (mzazi, Mabawa):

Mimi naona tuwe waangalifu. Mazimwi, uchawi, majini, haya ndiyo tunayotaka watoto wetu wakae nayo jioni? Kuna Qur'ani, kuna masomo.

Mwanzisha uzi:

Mzee, shikamoo, na hofu yako naiheshimu. Msahafu sikuutaja kwa sababu hauingii kwenye mjadala wa ununue au uazime, una nafasi yake juu ya vyote.

Kuhusu majini kwenye hadithi, mwenzetu wa hapa hapa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, katuachia *Adili na Nduguze*. Ndani yake jini Huria anawageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani kwa uovu waliomfanyia ndugu yao. Tumekisoma shuleni vizazi na vizazi na hakuna aliyejifunza uchawi. Tulijifunza husuda inafanya nini ndani ya familia.

Mchezo nao unafuata anayesimulia. Ukiwa msimuliaji wewe mzazi, unaweza kuwafanya wavuvi waliopotezwa na upepo njia ya Pemba, wagawane maji yaliyobaki chomboni, na hakuna zimwi hata moja. Nakushauri kaa nao jioni moja usikilize. Ukiona hapafai, zuia, ni haki yako.

Mdau (mwalimu wa Kiswahili, Raskazone):

Nimefurahi umemtaja Shaaban Robert, lakini kwa kanuni yako ya "kinachofunguliwa katikati" riwaya zote umezitupa nje! Wanafunzi wangu wakimaliza kidato cha nne wanauza *Kusadikika* siku hiyo hiyo. Uwatetee kwa hoja gani wasiuze?

Mwanzisha uzi:

Mwalimu, umenibana vizuri, na jibu ninalo.

Kuna riwaya unazofungua katikati. *Kusadikika* ni mojawapo. Karama anashitakiwa kwa sababu anataka nchi ifundishwe sheria, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na faida wakalipwa kifungo. Kila mjumbe ana habari yake kamili. Kimetoka 1951, tukiwa chini ya Mwingereza, na leo ukikaa barazani watu wanabishana kuhusu bunge au mahakama, unaweza kufungua habari ya mjumbe mmoja ukaisoma kwa sauti, wakanyamaza wakasikiliza. Huyo mwanafunzi akiwa na miaka kumi na saba alikisoma kwa ajili ya mtihani. Akifika thelathini na tano, ameshapigwa na dunia, atakitafuta kwa shida. Nawajua waliokuja kwangu kutaka kopi ya kitabu walichokiuza wenyewe.

Riwaya nyingine hazina kurudi, na hizo wauze tu.

Na kamusi, mwalimu, naamini tuko pamoja. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya 1981, hata ikichakaa, usiitupe unapopata toleo jipya au *Kamusi Kuu* ya BAKITA ya 2015. Ya zamani ina maneno ya kazi ambazo hazifanywi tena, mpya ina ya simu na benki. Mabishano ya maneno ya taarabu hapa mjini yanahitaji zote mbili mezani.

Mdau (Sahare):

Mkuu wewe ni fundi, tupe basi namna ya kujua kitabu hakitaachia kurasa. Nimenunua kamusi mwaka jana, ishaanza kunyonyoka.

Mwanzisha uzi:

Kaka, hii naipenda.

Shika kitabu kikiwa kimefungwa, kielekeze juu kwenye mwanga, utazame mgongo kwa juu, pale karatasi zinapokutana na jalada. Ukiona karatasi zimekunjwa vifungu vifungu, vile vijipinde vidogo vimepangana, ukifungua katikati ya kifungu utaona uzi. Hicho kimeshonwa. Vifungu kwa kawaida ni kurasa 16 au 32. Cha kushonwa hata gundi ikifa, uzi unashika, na mimi nakipa mgongo mpya kikaendelea. Ukiona karatasi moja moja zimenyooka zote, zimekwanguliwa zikabandikwa gundi ya moto, hicho siku gundi ikikauka kinapasuka pale pale unapokifungua mara nyingi. Na kitabu cha kufungua katikati ndicho kinachopasuka mapema. Kamusi yako bila shaka ni ya gundi. Usiisubiri imalizike, ilete kurasa zikiwa bado zote zipo, nitaitoboa pembeni niishone. Itapunguza kufunguka kidogo, lakini haitakuacha.

Karatasi nayo iangalie. Ile ya kijivu ya gazeti inageuka njano na kukatika, maana mti umesagwa mzima bila kuondolewa lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi zake.

Na unyevu wetu huu wa pwani: kabati lisigusane na ukuta, acha nafasi ya vidole vinne hewa ipite. Usifunge vitabu kwenye nailoni, jasho linabaki ndani ukungu unaota. Vikilowana, visimamishe wima kwenye kivuli chenye upepo, kurasa zimetanuliwa. Ukivianika juani jalada linajikunja na gundi inakufa. Mchwa wanapanda kutoka chini, kwa hiyo rafu ya chini kabisa weka vyombo.

Mdau (Mikanjuni):

Nimesoma uzi wote na watoto wangu wawili, wa darasa la tatu na la sita. Hela yangu si nyingi, ni ya kitabu kimoja mwezi huu na labda kimoja mwezi ujao. Nianze na kipi, dada fundi?

Mwanzisha uzi:

Mwezi huu kitabu cha afya, na kiwe cha karibuni kuliko kingine. Kabla hujalipa, fanya ule mtihani wa maneno manne ya faharasa. Ukikipata, nenda nacho kituo cha afya siku ya kliniki, muombe muuguzi dakika tano akuonyeshe dozi zilizobadilika, uandike pembeni.

Mwezi ujao kamusi, iliyoshonwa, hata ya mkono wa pili. Huyu wa darasa la sita ataitumia mpaka chuo.

Vya hadithi msinunue sasa, waandikishe wote wawili maktaba ya mkoa, wachague wenyewe. Wakirudia kuazima kile kile mara kwa mara, basi hicho kitafute ukinunue. Mchezo hauhitaji hela: kanuni ni za bure, vizibo vya soda muuza duka atakupa. Kijana wa Chumbageni akishasoma sura zake mbili, muulizeni awe msimuliaji. Jumamosi jioni mimi nipo barazani Ngamiani na wapwa zangu, njoo nao, nafasi ipo.